Fremu ya Kupasulia Mbao kwa Chenso: Anza na Gogo, Fremu Iwe ya Mwisho

SWALI: "Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Naishi Marangu, kwenye kihamba cha familia, yaani shamba la nyumbani, chenye migrivea mikubwa iliyopandwa na marehemu baba kati ya migomba na kahawa. Mitatu imeangushwa na upepo, na mingine kama kumi nataka kuipunguza kwa sababu kivuli kimezidi. Unene wake ni kati ya sentimita 35 na 50; pia upo mkaratusi mmoja mpakani wenye karibu sentimita 65. Mwaka jana nilimwita kijana mwenye chenso akanipasulia kwa mkono, lakini mbao zilitoka upande mmoja inchi 2 na upande mwingine inchi 1, na seremala alizikataa nusu yake. Sasa nimeona kuna fremu za chuma zinazofungwa kwenye chenso ili mbao zitoke sawa. Nina chenso ya Kichina ya cc 52 yenye baa, yaani ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo, ya inchi 20. Muuzaji ananiambia injini yangu inatosha, ninunue tu fremu kubwa na baa ya inchi 36. Je, ni kweli? Ninunue fremu ya aina gani, au niwatafute watu wa dingdong, zile mashine za msumeno wa duara? Mbao nazitaka kwa nyumba yangu, yaani dari, milango na meza. Sifanyi biashara."

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya jema kutaja unene wa miti, aina yake, mashine uliyonayo na kazi ya mbao zenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kukushauri fremu ya kununua bila kuyajua hayo manne. Nikuambie mapema kwamba muuzaji hakukushauri vizuri. Baa ya inchi 36 kwenye injini ya cc 52 itakuchosha wewe, itaiua mashine, na mbao hutazipata. Wazo la fremu lenyewe ni zuri kwa mazingira ya kihamba, na nitakueleza kwa nini, lakini fremu ndiyo kitu cha mwisho kuchaguliwa. Kwanza litazamwe gogo, kisha injini, kisha mnyororo, ndipo fremu itafutwe inayolingana na hivyo vitatu.

Nianze na zile mbao zilizokataliwa na seremala, maana humo ndimo shaka yako ilipoanzia. Huenda yule kijana hakuwa mzembe hata kidogo. Mpasuaji wa mkono huvuta kamba iliyochovywa kwenye oili chafu, huipiga juu ya gogo ikaacha mstari mweusi, kisha huufuata mstari huo kwa jicho. Mstari unaiongoza baa pale juu tu. Ncha ya baa iliyozama ndani ya gogo haina kitu kinachoishika, kwa hiyo hupotoka kidogo kidogo kila anapobadilisha mkono au kila jino la upande mmoja linapokuwa butu kuliko la upande wa pili, na ikifika mwisho wa gogo la futi 10 tofauti ya inchi nzima si ajabu. Fremu hutibu tatizo hilo hasa: huibana baa sehemu mbili na kuilaza sambamba na uso wa juu wa gogo, kwa umbali uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, fremu hainyooshi kitu. Hunakili tu uso inaoteleza juu yake, na uso huo ukiwa na bonde, kila ubao utakaofuata utakuwa na bonde lilelile. Jambo hili nitalirudia nitakapofika kwenye mkato wa kwanza, kwa sababu wanaokata tamaa na fremu wengi wao wamekwama hapo.

Sasa tuje kwenye nguvu ya injini. Chenso ilibuniwa kwa ajili ya kuangusha miti na kuikata vipande, kazi ambayo meno hukutana na nyuzi za mti kwa ubavu na mkato huisha baada ya sekunde chache, injini ikapata nafasi ya kupumua. Kupasua kwa fremu ni kazi ya namna nyingine kabisa. Baa hulala kukingama gogo, nawe unaisukuma kuufuata urefu wa gogo, kwa hiyo kila jino hukutana na vichwa vya nyuzi, mahali ambapo mti ni mgumu kuliko pote. Meno mengi huwa ndani ya mti kwa wakati mmoja, na injini hukaa kwenye resi ya mwisho kwa dakika kadhaa bila kupumzika. Ushahidi utauona kwenye unga wa mbao unaotoka, ambao huwa mwembamba mno ukilinganisha na vipande vinavyorushwa unapokata gogo kwa kulipinga.

Kutokana na hali hiyo, wapasuaji wenye uzoefu huchagua injini kwa upana wa mkato. Upana usiozidi sentimita 30 unaweza kukatwa na injini yenye afya ya cc 50 hadi 60, ingawa polepole. Kati ya sentimita 30 na 50, anza na cc 70. Kati ya 50 na 75 unahitaji cc 90 au zaidi, na kupita hapo ni kazi ya injini za cc 110 hadi 120. Ukiipa injini ndogo mkato mpana, mnyororo hupunguza mwendo, klachi huanza kuteleza na kutoa moshi, silinda hupata joto kupita kiasi, na mwishowe pistoni hukwaruzika. Mashine ya cc 52 haitafia kwenye mgrivea wa kwanza, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu utadhani inaweza, hadi siku itakapokataa kuwaka ukiwa katikati ya gogo.

Urefu wa baa nao huwapotosha wengi. Fremu hubana baa karibu na injini na karibu na pua, yaani ncha yake, ikala kati ya sentimita 10 na 13 za urefu wake, kwa hiyo baa yako ya inchi 20 itakuachia upana wa sentimita 38 hivi. Muuzaji alikuwa sahihi kwamba baa yako ni fupi kwa migrivea ya sentimita 50. Alichokiacha ni kwamba baa ndefu huongeza mzigo wa mnyororo ambao injini lazima iuzungushe hata kabla haijagusa mti. Baa haileti nguvu; inaitumia.

Kwa magogo uliyoyataja, ningekushauri utafute injini ya kitaalamu ya cc 70 au zaidi kidogo, yenye baa ya inchi 25, ambayo ndani ya fremu itakupa karibu sentimita 50. Stihl MS 381 yenye cc 72 na Husqvarna 372 yenye karibu cc 71 ni mifano ya daraja hilo. Utakutana pia na Stihl 070, ile mashine ya zamani ya cc 106 ambayo wapasuaji wengi wa Afrika wanaiamini kwa sababu ina nguvu kubwa kwenye mzunguko wa taratibu. Ni mashine ya kupasulia kweli, lakini ni nzito, mtetemo wake ni mkali, na nakala zake za kuiga zimeenea sokoni, kwa hiyo usiinunue bila kwenda na fundi anayeijua kwa kuifungua. Ukikosa fedha za kununua injini kubwa, ulizia wapasuaji wa jirani kama kuna anayeikodisha pamoja na yeye mwenyewe. Kwa miti kumi na mitatu hivi, kukodi injini na kumiliki fremu ni uamuzi wa busara kabisa. Chenso yako ya cc 52 usiiuze. Itakufaa kwa kukata matawi, kukata magogo kwa urefu na kupasua vipande vyembamba vya juu visivyozidi sentimita 30.

Kuhusu aina za fremu, zipo tatu unazoweza kukutana nazo. Ya kwanza hujulikana duniani kwa jina la Alaskan: mabomba mawili ya reli yanayoteleza juu ya gogo, na nguzo mbili zenye vipimo zinazoshusha baa hadi unene unaoutaka. Fremu hii hubebwa mkononi hadi gogo lilipolala, na kwako hiyo ndiyo sifa inayoamua. Gogo la mgrivea lenye unene wa sentimita 45 na urefu wa mita 3 lina karibu mita za ujazo 0.48 na uzito wa mamia ya kilo likiwa bichi. Kulitoa katikati ya migomba kwenye mteremko wa Marangu kunahitaji watu wengi, na kahawa itakanyagwa. Ubao mmoja wa inchi 2 uliotoka kwenye gogo hilo hubebwa na watu wawili wakapita kwenye kijia kilekile wanachopitishia majani ya ng'ombe.

Aina ya pili ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye baa upande mmoja tu na kuteleza juu ya ubao ulionyooka uliopigiliwa juu ya gogo, kikakata kwenda chini badala ya kulala. Hicho hakitoshi kupasulia mbao zote, lakini ni kizuri kwa kunyoosha kingo na kuligeuza gogo la duara kuwa la mraba, na kwa kuwa mkato wake huwa mwembamba, mashine yako ndogo itakimudu. Aina ya tatu ni ile yenye reli zake na miguu yake, kama zinazotengenezwa na Logosol ya Sweden, ambapo gogo hupandishwa juu ya fremu na chenso ikatembea kwenye reli. Mbao zake hutoka safi sana. Ingekuwa una uwanja tambarare na magogo yanayofika hapo kwa trekta, ningekushauri uifikirie, lakini kwa kihamba ni gharama ya ziada na kazi ya ziada ya kubeba magogo.

Basi chukua ile ya kwanza, ya daraja la inchi 24, wala si ya inchi 36. Fremu pana kupita haja hupinda katikati na kuleta mawimbi kwenye ubao. Kabla hujalipa, ifunge kwenye baa papo hapo dukani na upime kwa rula umbali kati ya reli na baa upande wa injini na upande wa pua. Vikitofautiana hata milimita 2, na skrubu zikiwa zimekazwa, iache. Kagua pia kwamba kibanio cha mbele kinaishika baa nyuma ya kile kigurudumu kidogo cha puani, kwa sababu kikibanwa juu yake kigurudumu hukwama na kuungua. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea fremu ya mabomba ya mraba, na nimeona za namna hiyo zinazofanya kazi vizuri. Sharti ni kwamba reli zake ziwe sambamba kabisa baada ya chuma kupoa, maana kuchomelea hukivuta chuma, na viungo vya kupandisha na kushusha viwe vya boliti zinazokazwa, visiwe vya kuchomelewa moja kwa moja.

Mnyororo uliokuja na mashine umenolewa meno yake kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, pembe inayofaa kukata mti kwa kuupinga. Mnyororo wa kupasulia hunolewa kwa nyuzi 10, karibu mraba, ili jino likate vichwa vya nyuzi bila kuvutwa pembeni. Sitakudanganya kwamba utaongeza kasi sana. Faida yake kubwa ni uso wa ubao kuwa laini na mnyororo kutembea bila kurukaruka. Ukishindwa kuupata dukani, unaweza kuugeuza mnyororo wa kawaida kwa tupa, ukiipunguza pembe kidogo kidogo kila unaponoa hadi kufikia nyuzi 10 au 15. Kwa mnyororo wa inchi 3/8 (hicho ni kipimo cha nafasi ya viungo vyake, si cha upana) hutumika tupa ya duara ya milimita 5.2 au 5.5, kutegemea mtengenezaji. Noa kila unapojaza tangi la mafuta, hata kama unaona bado unakata. Kila baada ya kunoa mara kadhaa, pima kile kinundu kilicho mbele ya jino. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa karibu milimita 0.65. Kinundu kikibaki juu, jino haliingii mtini, nawe utaanza kuisukuma mashine kwa nguvu ya kifua, jambo ambalo ni ishara ya hakika kwamba mnyororo unahitaji tupa.

Ulainisho nao usiupuuze. Pampu ya oili ya mnyororo ilipimwa kwa mikato mifupi, na kwenye mkato wa dakika nyingi upande wa pua hukauka. Wapasuaji wengi huongeza kichupa chenye bomba dogo kinachodondosha oili karibu na pua, na ni jambo rahisi unaloweza kulitengeneza nyumbani. Mafuta ya injini changanya kwa kipimo, usikisie: mililita 20 za oili maalumu ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli endapo oili ni ya daraja ambalo mtengenezaji wa mashine ameliidhinisha, na mililita 40 kwa lita ikiwa ni ya kawaida. Mwombe fundi aifungulie kabureta mafuta kidogo zaidi kuliko kawaida, kwani mchanganyiko mkavu kwenye resi ya mwisho ndio unaoua silinda. Ukimaliza mkato, usizime hapo hapo. Iache injini iungurume taratibu kwa dakika moja ipoe.

Sasa suala la hasara, ambalo wauzaji wa fremu hawalitaji. Mnyororo hufungua njia pana. Ule wa inchi 3/8 hula karibu milimita 8 hadi 9, na ule mkubwa wa inchi 0.404 unaofungwa kwenye mashine kama 070 hukaribia milimita 10, wakati msumeno wa utepe, ule wa ukanda mwembamba wa chuma unaozunguka, hula milimita 2 hadi 3 tu. Chukua gogo lililokwisha kuwa mraba wa sentimita 40 na ulipasue mbao za milimita 25. Kwa chenso yenye njia ya milimita 9 utapata mbao 12, na karibu sentimita 10 za gogo zitakuwa zimegeuka unga. Kwa msumeno wa utepe utapata mbao 14 kutoka gogo hilohilo. Kwa mtu anayeuza mbao, mbao mbili kwa kila gogo ni riziki inayomwagika chini. Kwako wewe unayejijengea, ni gharama inayovumilika, nawe unaweza kuipunguza kwa kupasua mbao nene za inchi 2, ukazikausha, kisha seremala mwenye msumeno wa utepe karakanani akazigawa kwa ajili ya dari.

Hapo ndipo swali lako la dingdong linapopata jibu. Mashine hizo za msumeno wa duara zinazoendeshwa kwa injini ya dizeli zimeenea kwenye mashamba ya misindano ya Mufindi na Njombe, na kule zinafaa, kwa kuwa magogo ni mengi, yamenyooka, yana unene unaokaribiana na barabara inafika. Nazo hupoteza mti mwingi kwa njia pana ya msumeno. Kama ungekuwa na misindano mia moja kando ya barabara, ningekuambia ufunge mjadala na uwaite. Na kama katika eneo lako yupo mwenye mashine ya utepe inayokokotwa na gari, nawe unaweza kuyafikisha magogo barabarani bila kuharibu shamba, linganisha bei yake kwanza kabla hujanunua chochote, kwa sababu itakupa mbao nyingi zaidi, kwa haraka zaidi, na bila wewe kushika chenso. Fremu inashinda pale tu ambapo gogo haliwezi kutoka, na kwa maelezo yako magogo yako mengi ni ya namna hiyo.

Sasa turudi kwenye mkato wa kwanza. Gogo la duara halina uso ulionyooka, kwa hiyo lazima uutengeneze. Tumia ngazi ya alumini iliyonyooka au ubao mnene uliorandwa, wenye urefu unaozidi gogo kwa sentimita 30 kila upande, maana fremu inatakiwa iwe imekaa sawa kabla baa haijagusa mti na ibaki imekaa sawa baada ya kutoka. Mwongozo wa futi 12 utatosha gogo la futi 10. Pigilia kipande cha ubao kwenye kila kichwa cha gogo, vyote viwili vikiwa vimepimwa kwa pima maji, kisha kaza mwongozo juu yake. Weka kabari chini ya mwongozo kila baada ya mita moja ili usizame katikati, chungulia kwa jicho moja kutoka kichwani kama seremala anavyochungulia boriti, na hakikisha hakuna skrubu iliyoshuka hadi mahali mnyororo utakapopita. Saa nzima ukiimaliza katika kuandaa uso huu haijapotea. Ukishautoa mwongozo, uso uliokatwa ndio utakaokuwa njia ya fremu kwa mbao zote zinazofuata.

Liinue gogo kutoka ardhini kwa vipande viwili vya mti na ulizuie lisibingirike kwa kabari pande zote. Kama mteremko unaruhusu, elekeza juu kichwa cha gogo utakachoanzia ili mashine ishuke kwa uzito wake. Menya magome yote yenye udongo, kwani udongo wa kihamba uliorushiwa magomeni na mvua huua makali kabla hujafika nusu ya mkato. Kadiri baa inavyosonga, chomeka kabari za mti kwenye njia iliyokatwa nyuma yake ili ubao usiikalie. Na kwa miti iliyokaa karibu na nyumba au mpakani, tafuta misumari na seng'enge kabla hujaanza. Kwenye mkaratusi, doa la rangi ya buluu iliyokoza kichwani mwa gogo huashiria chuma kilichomezwa na mti zamani.

Huo mkaratusi wa sentimita 65 ningekuomba usiupasue mwenyewe. Unene wake unazidi mashine niliyokushauri, na tatizo kubwa zaidi liko ndani ya mti wenyewe: mikaratusi hukua ikiwa na mvutano mkali kati ya tabaka za nje na kiini, na msumeno unapoufungua mti, mvutano huo hulegea ghafla. Mbao hupinda zikiwa bado juu ya gogo, vichwa hupasuka, na baa hubanwa. Watu huilaumu fremu ilhali kosa si lake. Mpasuaji anayeujua mti huo hukata kwa zamu kutoka pande mbili zinazoelekeana na hukitenga kiini. Mwite huyo, akiwa na injini ya cc 90 kwenda juu, na kwa kuwa mti uko mpakani, zungumza na jirani yako kwanza.

Kuhusu usalama nitasema kwa msisitizo. Utakuwa umeinama karibu na moshi wa injini kwa muda mrefu, kwa hiyo fanya kazi mahali penye upepo na upumzike mara kwa mara. Ukianza kuumwa kichwa, zima uondoke. Kelele ya chenso hupita desibeli 100, na masikio yaliyoharibika hayarudi. Vaa vizuia sauti, miwani, barakoa, buti ngumu na suruali ya kinga. Unga wa mgrivea huwasha ngozi za baadhi ya watu hadi kuleta vipele, basi funika mikono na uoge baada ya kazi. Usifanye kazi hii peke yako hata siku moja, na msaidizi wako asimame pembeni, asisimame kwenye mstari wa mnyororo, kwani mnyororo ukikatika hurushwa kwa nguvu.

Mbao zikishatoka, zipange siku hiyohiyo. Paka rangi nzito au nta kwenye vichwa vyake, ziweke juu ya matofali kivulini, tenganisha kila safu kwa vipapi vya inchi moja vilivyopangwa kila baada ya nusu mita, vipapi vya safu zote vikiwa kwenye mstari mmoja wa wima, kisha zikandamize kwa mawe juu. Mbao za inchi 2 zipe miezi mingi kabla ya kutengenezea milango na meza. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utakataa kufunga hata kama ulipasuliwa kwa mashine bora kuliko zote. Ile sehemu nyeupe ya nje hupendwa na wadudu watoboao, kwa hiyo ipake dawa ya boroni mapema au uiondoe.

Yapo mambo matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi, nawe uyatafutie mtu wa kuja kuyaona. Miti iliyoangushwa na upepo ambayo bado imeegemea miti mingine, au ambayo mizizi yake imeng'oka nusu, usiiguse bila mkataji mzoefu, kwa maana shina lililojikunja likikatwa vibaya hufyatuka na kuua. Kunoa mnyororo nako hujifunzwa kwa kumwona anayenoa. Mlipe fundi akae nawe nusu siku, atazame unavyoshika tupa. Na kabla ya yote hayo, fika ofisi ya kijiji kisha kwa afisa misitu wa wilaya. Usichukulie kwamba mti ulio kihambani kwako hauhitaji kibali cha kuvunwa. Eleza idadi ya miti, aina na matumizi, uulize taratibu za kutumia chenso katika eneo lenu, na kama mbao zitapelekwa kwa seremala aliye Himo au Moshi mjini, uulize pia kuhusu hati ya kuzisafirishia. Eleza kwamba mitatu tayari imeanguka, na uombe waje kuiona ikiwa bado imelala palepale, kabla hujaikata hata kipande kimoja.